Msafara wa Siku ya Tano

Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima kiasi cha kuandika barua. Wifi yako anakusalimu. Amehamishiwa shule nyingine, sasa anafundisha watoto sabini darasa moja na sauti imemkauka. Mwanangu mkubwa ameota jino la mbele na anamng'ata mdogo wake kwa majaribio. Mimi nalalamikia mgongo tu, kiti cha ofisini kimenishinda.

Shemeji hajambo? Bado anafungua redio za watu na kusahau kuzifunga? Na wapwa zangu? Na Baba? Mwezi mzima sasa nikimpigia simu unapokea wewe, na kila mara unasema ametoka. Ametoka kwenda wapi, mzee wa miaka sabini na minne mwenye kisukari na kidonda mguuni?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe ni la kazi, na simu yangu ni ya ofisi. Sisi wakaguzi wa Mfuko wa Afya tumekatazwa kuzungumza na watumishi wa hospitali kuhusu madai yao. Barua hii nimempa dereva wa gari la dawa, yule mnayemwita Kobe. Ikichelewa mlaumu yeye.

Unakumbuka mwaka jana Mfuko ulikauka mwezi wa tisa, na ninyi hospitalini mkakaa miezi miwili bila kulipwa. Gharama zinapanda kila mwaka, na serikali haina mfuko mwingine nyuma ya huu. Ndiyo maana wakubwa wakatoa ule waraka wa siku tano: mgonjwa ambaye hakufanyiwa upasuaji, Mfuko unamlipia kitanda siku tano, basi. Hospitali nyingi zimetii. Wodi ya wanaume ya hospitali yenu imetii kuliko zote. Kila mgonjwa anaruhusiwa siku ya tano, hakuna hata mmoja anayechelewa. Halafu kompyuta inaonyesha kwamba siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana, wagonjwa idadi ileile wanalazwa upya.

Dada, wewe ndiye muuguzi mkuu wa wodi hiyo. Sahihi yako iko kwenye kila fomu. Nataka kusikia kutoka kwako kabla sijasikia kwa wengine.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Kwako Karani,

Ndiyo, nakuita Karani, na Baba bado anakuita hivyohivyo. Mtoto aliyekuwa akihesabu vipande vya nyama kwenye sahani za wenzake angekuwa nani tena ukubwani?

Marahaba. Wapwa zako wazima. Shemeji yako anasema redio anazifunga, ila kila mara kinabaki kipande kimoja mezani na bado zinaimba. Mpe pole wifi yangu, anywe maji ya moto yenye tangawizi na aache kupiga kelele. Watoto sabini hawanyamazishwi na mtu mmoja.

Baba anatembea. Juzi tu ametembea tena, nusu saa nzima, na fimbo yake, amevaa lile koti la kaki. Ukipiga simu unamkosa kwa sababu hiyo.

Sasa hayo mengine. Wagonjwa wanatoka wakipata nafuu na wanarudi wakiugua. Ulitaka warudi wakiwa wazima? Na nikuulize na mimi: nani amekutuma? Barua yako imenifikia bahasha ikiwa na gundi ya aina mbili, moja ya kwako, nyingine sijui ya nani. Kobe anaapa hakuifungua. Mimi nina watoto wawili shuleni na kazi moja. Mambo ya wodi usiniulize tena kwenye karatasi.

Andika habari za jino.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jino liko salama, mdogo wake ana alama begani. Wifi yako amepata sauti.

Bahasha niliibandika mwenyewe mara mbili kwa sababu gundi ya kwanza haikushika. Hakuna aliyenituma.

Sitazunguka. Wiki iliyopita nimefungua orodha ya wodi yako, jina kwa jina. Kadi ya Baba niliiandikisha mwenyewe, nikasimama naye kwenye foleni kuanzia alfajiri, na namba yake naijua kama ninavyoijua tarehe niliyozaliwa. Namba hiyo imelazwa kwako mara kumi na tatu tangu tarehe 28 Januari. Ametoka siku ya tano, amerudi siku ya tano. Mara kumi na tatu!

Macho yalinitoka. Unaniambia Baba anatembea, kompyuta inaniambia kalazwa. Mmoja wenu ananidanganya, na kompyuta haina sababu ya kunidanganya.

Nitaandika nilichofikiri, ingawa naona aibu. Nilifikiri Baba yuko nyumbani anaranda mbao zake, na kadi yake iko kwenye droo yako. Kila anayelazwa upya anafunguliwa faili jipya, anapimwa upya damu na mkojo, na Mfuko unalipa yote hayo kwa mara nyingine. Kwa kitanda kimoja mnalipwa zaidi kuliko zamani, kabla ya waraka. Hizo pesa zinakwenda wapi, Dada? Zinaingia kwa nani?

Nimeiondoa namba ya Baba kwenye orodha ninayompelekea mkuu wa kitengo. Hilo peke yake linatosha kunifukuzisha kazi. Nijibu.

Mdogo wako


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mara moja nikaichana. Halafu nikaokota vipande nikavisoma tena, kwa sababu sikuamini kwamba mtoto niliyembeba mgongoni ameniandikia neno droo.

Baba yuko wodini. Kitanda cha nane, karibu na dirisha. Kile kidonda unachokijua kiliingia ndani, kikatoa usaha, na homa ikampanda mpaka akawa anaagiza misumari kwa mafundi waliokufa zamani. Anahitaji sindano za dawa na kusafishwa kidonda kila siku, na asikanyage. Daktari alisema miezi mitatu kitandani, pengine minne. Waraka wenu unasema siku tano.

Sikukuambia kwa sababu alinikataza. Maneno yake ni haya: "Huyo usimwambie. Watu wengine huja na machungwa, yeye atakuja na kalamu." Basi nikanyamaza. Na nilinyamaza pia kwa sababu niliogopa utaona hiki ulichokwishakiona.

Haya, nikueleze, maana umeshajua nusu. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, baada ya kufunga vidonda, wote waliotimiza siku zao wanavaa nguo za nyumbani na kubeba mifuko yao. Naweka sahihi kwamba wameruhusiwa. Wanatoka lango kuu kwa mstari, wanafuata ukuta, wanapita kwa fundi viatu na kwa mama wa chai, wanaingia lango la nyuma mpaka mapokezi, wanalazwa. Mlinzi anawapigia saluti na kuwaambia safari njema. Mama wa chai amewawekea benchi. Wenyewe wanauita msafara, na Baba ndiye kiongozi, maana ana koti. Wasioweza kutembea tunawasukuma kwenye kiti cha magurudumu. Baba kiti hakitaki. Anasema akisukumwa hatakuwa ametoka kweli, na sahihi yangu itakuwa ya uongo.

Unacheka? Mimi nilikuwa nacheka mwanzoni. Sasa kila akirudi bendeji imeloa damu.

Wewe uko karibu na hao wakubwa. Waambie kuna magonjwa yasiyojua kuhesabu mpaka tano.

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa neno lile. Nimelia, na wifi yako amenikuta, nikamwambia ni mafua.

Iko fomu ya kuomba siku za ziada. Ijaze leo hii. Inataka sahihi za madaktari watatu.

Kuna jambo jingine: baada ya tarehe mosi Mei usimtoe mtu yeyote kwa njia ile. Siwezi kueleza zaidi. Choma barua hii.

Na swali langu la pesa hujalijibu.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Karani,

Salamu ni chache leo, utanisamehe. Wapwa zako wazima.

Barua yako ya kunionya Kobe ameileta tarehe tisa. Waraka wenyewe ulifika tarehe mbili, kwa kompyuta, ambayo haina pancha. Mgonjwa akirudi kwa ugonjwa uleule kabla ya siku thelathini, Mfuko haulipi hata senti. Na upasuaji wowote mkubwa lazima upate kibali cha makao makuu kwanza.

Siku hiyo msafara ulikuwa umeshatoka. Wazee watano wamefika mapokezi, binti wa mapokezi anabonyeza, kompyuta inakataa. Anabonyeza tena. Mganga mkuu akashuka mwenyewe, akasoma, akasema hospitali haiwezi kulaza watu bure, bili za Machi bado hazijalipwa. Vitanda vitano vitupu viko hatua ishirini kutoka pale, mashuka nimetandika kwa mikono yangu. Baba alikaa kwenye benchi na mfuko wake magotini mpaka saa nane. Hakulalamika. Aliniambia, "Mwanangu, safari hii nadhani tumetoka kweli."

Fomu yako ya siku za ziada nimeijaza. Madaktari watatu! Hospitali hii ina daktari mmoja, na mganga mkuu ambaye ni daktari wa vikao. Wa tatu nimtoe wapi, nimzae?

Sasa Baba yuko kwangu. Nampa vidonge, maana sindano zile hazitoki nje ya wodi. Kidonda namsafisha kabla sijaenda kazini na nikirudi. Anasimama nikiwa sipo, naona nyayo sakafuni.

Nimekuwekea la mwisho. Waraka niliusoma wote, kurasa sita, mpaka chini kabisa ambako watu hawasomi. Kwa herufi ndogo wameandika cheo cha mtu aliyeuandaa. Nikaenda kwenye faili nikautafuta na ule wa kwanza, wa siku tano. Cheo kilekile. Nakijua cheo hicho, niliwapikia wageni walipokuja kukupongeza ulipokipata.

"Wakubwa wakatoa waraka." Hivyo ndivyo ulivyoniandikia.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kushika kalamu.

Ndiyo, ni mimi. Nyaraka zote mbili. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungenisema, na nilitaka kubaki mdogo wako huko nyumbani, si mtu wa Mfuko.

Lakini nisikilize na mimi. Hujui ninayoyaona mezani kwangu. Iko hospitali imedai gharama za kumzalisha mwanamume. Iko nyingine ambayo kila anayeumwa kichwa analazwa siku ishirini, kwa sababu kitanda kinalipa. Mfuko ukikauka mwezi wa tisa, mtu wa kwanza kukosa dawa ni mzee kama Baba. Niliambiwa nitafute pa kukaza, nikakaza. Waraka wa pili niliuandika baada ya kuona wodi yako. Sikuwa nimejua Baba yumo. Nilipojua, ulikuwa umeshapanda kwa wakubwa, na kuurudisha kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa ni wewe. Ungefungwa.

Na bado hujanijibu. Nimeuliza mara mbili. Hospitali yenu ililipwa mafaili mapya karibu mia tatu kwa msafara wenu. Mganga mkuu alipata nini? Wewe ulipata nini? Kama huna la kuficha, mbona unaruka swali hilo kila mara na kunijibu habari za benchi?

Msalimie Baba. Au usimsalimie, kama bado hataki nijue.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Sina nafasi ya kugombana. Vidole vitatu vya Baba vimekuwa vyeusi, na weusi unapanda. Nimemrudisha hospitali leo asubuhi. Daktari amesema hakuna tena kidonda cha kutibu, ni kukata, chini ya goti, na iwe ndani ya siku mbili tatu.

Upasuaji Mfuko unalipa. Wote, na siku kumi na nne za kitanda juu yake. Nimesoma kwenye waraka wako. Kumlaza apone hamlipi, kumkata mnalipa.

Fomu ya kibali imetumwa kwa kompyuta saa nne asubuhi, nayo inafika kwenye kitengo chako. Mganga mkuu amekataa aguswe bila kibali, anasema hospitali iliumia kwa hasara mwezi wa tano. Shemeji yako alitaka kuuza vifaa vyake vyote vya redio. Havikufika hata nusu ya bei ya dawa ya usingizi.

Nimekupigia simu mara sita leo. Hupokei. Kama simu ya ofisi inakuogopesha, basi pitisha fomu tu, huna haja ya kusema neno.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Kobe amekwama njiani na sijapata barua yako yoyote tangu ya mwezi uliopita. Simu zako nimeziona. Siwezi kupokea, wiki hii mezani kwetu wamekaa wageni wa ukaguzi kutoka wizarani, kila simu inasikilizwa.

Fomu nimeiona. Kukata mguu! Wiki chache zilizopita ananyanyuka na kuacha nyayo sakafuni, leo anakatwa? Nilipokataa njia ya kumlaza siku tano tano, mkapata njia inayolipa siku kumi na nne? Nimefanya kazi hii miaka tisa, najua jinsi dirisha moja likifungwa watu wanavyotafuta jingine. Na kama si hilo, basi ni mimi unanitisha. Unataka nione jina la Baba na neno hilo kwenye mstari mmoja ili nirudi nyuma nifute waraka.

Nimeirudisha fomu. Nimeomba picha ya kidonda na maoni ya daktari wa pili, kama utaratibu unavyosema. Kama ni kweli, vitu hivyo havichukui muda. Kama si kweli, acha hapo, na mimi nitasahau.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Wapwa zako wazima. Shemeji yako mzima. Wifi yangu na watoto nawasalimu.

Picha tuliituma siku ileile. Daktari wa pili ni yule wa hospitali ya mkoa, anayepita hapa kila baada ya wiki mbili. Alikuwa amepita siku moja kabla ya swali lako. Tulimngoja siku kumi na tatu. Nilikuwa nampima Baba kwa kalamu ya wino, nachora mstari pale weusi ulipofika, kila asubuhi. Mistari ilipanda mpaka ikavuka goti. Daktari wa pili alimtazama kwa muda wa kunywa chai, akasema, "Huyu mlikuwa mnamngojea nani?"

Kibali chako kilikuja asubuhi ya pili, mapema kabisa. Wamemkata juu ya goti, karibu na nyonga. Yuko hai. Jana amekunywa uji na ametukana mto wa kitanda kwamba umejazwa mawe. Mguu wa mbao hautamkaa pale, daktari amesema, hakuna pa kuufungia. Baba, fundi seremala kwa miaka hamsini, ameuliza mwenyewe, akachukua kipimo kwa mkono, akajifunika shuka.

Nikujibu swali lako, kwa sababu sitaki uendelee kujificha nyuma yake. Ndiyo. Kwa kila faili jipya wodi ilipata posho. Mganga mkuu alituambia ni pesa za kazi ya ziada, na kazi ya ziada ilikuwepo kweli. Nililipia ada ya mtoto mmoja na nikanunua kitanda cha kulalia Baba nyumbani. Nilijua si sawa. Ulipouliza nilikasirika kwa sababu ulikuwa umepatia. Kama ungeniuliza kwa sauti ya ndugu pengine ningekuambia siku ya kwanza, na kama ningekuambia pengine ungeiamini fomu yangu. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini Baba kila siku anauliza nani aliirudisha fomu. Nimemwambia ni kompyuta. Ananitazama. Alinifundisha kusoma rula, anajua ninapodanganya.

Dada yako


Tarehe 1 Julai

Dada,

Sina salamu. Nitaandika haraka kabla sijapata ujanja.

Barua yako ya tarehe sita niliipata tarehe kumi na mbili. Kobe alinikabidhi kwenye maegesho ya ofisi, nikaisoma nimesimama kando ya gari lake, injini inaunguruma. Nilijua ni kweli kabla sijafika mwisho. Wewe hukuwahi kuniandikia barua fupi hivyo maishani mwako. Na picha ilikuwa imeshafika tangu tarehe nane. Nilikuwa nimeifungua.

Fomu ilikuwa bado mikononi mwangu. Kufuta swali langu ni kubonyeza mara mbili tu. Nilirudi mezani, nikakaa, nikafikiri hivi: nikilifuta bila maoni ya daktari wa pili, wale wageni wa wizarani watauliza kwa nini nimemfutia huyu. Wataona jina. Watafungua mafaili yake, wataona mara zile zote alizolazwa, wataona sahihi yako na kimya changu. Nikajiambia nakulinda wewe. Niliendelea kujiambia hivyo siku tisa, kila asubuhi nikifika kazini, na kila jioni nikitoka. Wakati wewe unachora mistari mguuni kwa Baba, mimi nilikuwa naifungua fomu na kuifunga.

Sikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa naogopa kukosa kazi. Nilipaswa hata tangu mwanzo kumpa fomu mwenzangu wa meza ya pili, kwa sababu mgonjwa ni baba yangu. Yeye angeipitisha siku ileile, kwa maana hamjui Baba wala hakuwa na sababu ya kumshuku. Mtu pekee katika jengo zima ambaye asingeiamini ni mwanawe.

Nimepiga hesabu pia, ndiyo mimi. Miezi minne ya kitanda ingegharimu pungufu ya huo upasuaji na yatakayofuata. Nimempelekea mkuu wa kitengo hesabu hiyo, na mafaili yote, la Baba likiwa juu. Amesoma ukurasa wa kwanza, akasema gharama za vitanda zimeshuka na waraka wangu umesifiwa huko juu, nisiharibu. Nimeziacha mezani kwake zikiwa na sahihi yangu. Jina lako limo, Dada. Nimekuandikia mapema ili ujue, na umwambie shemeji. Makosa yangu yamo mengi zaidi.

Ninakuja Jumamosi. Usimwambie Baba chochote kuhusu kompyuta tena. Mwambie tu kwamba mwanawe yuko njiani, na kwamba akiingia wodini hatamwamkia. Sitampa mkono wala shikamoo mpaka niwe nimemwambia ni nani aliyeirudisha fomu ile. Baada ya hapo yeye ndiye ataamua kama kuna salamu ya kuitikia.

Mdogo wako